Wembe wa Kumnyoa Baba

Jumamosi, Kiriba. Alfajiri ilinyesha mvua kidogo, ikaacha. Uani kunanuka udongo na samadi ya mbuzi. Nina hofu ndogo moyoni, ile ya mwanafunzi anayesubiri kuitwa ubaoni.

(Nanakili kutoka daftari langu la zamani, la ile miaka vitu vilipoanza kurudi madukani. Nimerekebisha herufi tu, mengine yamebaki yalivyo.)

Baba amelala chumbani. Mimi nimekaa kwenye kigoda cha Mama, mlangoni pa jiko, daftari gotini. Kesho ni arobaini ya Mama. Itakuwepo ibada kanisani asubuhi, kisha watu watakuja kula hapa nyumbani. Baba anasema hataweza kwenda, miguu inamuuma.

Jana jioni alitembea hadi ziwani kufuata mbuzi, akarudi nao, wala hakuchechemea.

Si miguu. Ni ndevu.

Asiyemjua Baba ataona hili ni jambo dogo. Lakini Baba ndiye mgonga kengele wa kanisa letu. Kengele yenyewe ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, naye huigonga kwa nondo, kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia unatetemeka. Tangu nipate akili sijawahi kumwona akiigonga na ndevu. Kila Jumamosi jioni alikaa hapa nilipokaa mimi, shingo ameinua, na Mama akamnyoa. Jumapili alikwenda kanisani na mashavu yanayong'aa kama kibuyu kilichopakwa mafuta.

Sasa wiki tano rimu inagongwa na jirani. Anagonga haraka haraka, kama kuna moto.

Na kosa ni langu. Nimekwepa kuliandika tangu msiba, leo naliandika.

Siku tuliyonyoa, baada ya maziko, ndugu wote tulikaa nyuma ya nyumba. Shangazi Nyangeta, dada yake Baba, ndiye aliyekuwa mnyoaji. Akauliza, "Wembe uko wapi?" Watu wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka kununua viwembe. Mimi nikaona nisaidie. Niliingia ndani, nikachukua wembe wa Mama kutoka kwenye kikombe chake cha bati kilichobanduka rangi, ukiwa bado umeviringishwa kwenye kile kitambaa chake cha njano. Nikampa Shangazi. Akauchovya kwenye maji ya moto, akanyoa vichwa kumi na kimoja, akianza na Baba, nywele na ndevu.

Alipomaliza alikwenda hadi kwenye mawe, akautupa ziwani.

Wembe ulionyoa msiba haurudi ndani ya nyumba. Hilo kwetu kila mtoto analijua. Mimi mwenyewe nimeona viwembe vingi vikitupwa. Lakini vilikuwa viwembe tu, vya kununua dukani, na kichwa changu siku ile hakikuunganisha mambo mawili. Niliposikia maji yamelia *chubwi*, ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nikamtazama Baba. Alikuwa anatazama maji.

Hajasema kitu mpaka leo.

Wembe ule una historia yake. Miaka ya foleni, wakati hata sabuni tulikuwa tunaisikia tu, Baba alikuwa na kiwembe kimoja. Kikiisha makali, alikibandika ndani ya glasi yenye maji kidogo, akakisugua kwa kidole, akikizungusha, mpaka kipate makali tena. Alikinyolea miezi. Mashavu yake yalijaa vipele vyenye usaha, hata kutafuna aliona taabu. Basi siku moja Mama alikwenda Musoma na debe la furu wakavu. Alirudi na wembe wa kukunja, ule wa vinyozi. Alikuwa ameupata kwa kinyozi mmoja wa sokoni, Mzee Mashauri, aliyekuwa anafunga kazi arudi kwao Butiama.

Baba aliuliza kama wamemroga. Samaki wa mwezi mzima kwa kipande cha chuma!

Jumamosi ya kwanza alikaa kwenye kigoda kama mbuzi wa chanjo. Baada ya wiki tatu vipele viliisha. Baada ya hapo hakuna aliyetaja tena furu.

Nakumbuka jambo moja dogo. Mama akifika juu ya mdomo wa Baba, aliuvuta mdomo wake mwenyewe chini, kana kwamba ananyolewa yeye. Tulimcheka. Alisema hajui kama anafanya hivyo.

Wiki tatu zilizopita nilikuja kutoka Bunda, ambako ninapima pamba kwenye kituo cha kununulia. Nikakuta ndevu za Baba zimekuwa nyeupe, zimesimama huku na huku. Nilikuwa nimemletea pakiti nzima ya viwembe, maana sasa vimejaa madukani. Alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaviweka dirishani. Vipo pale mpaka sasa, pakiti haijafunguliwa. Nilipomwambia nimnyoe, alisema, "Hivyo ni vya nyuso zenu nyie vijana. Uso wangu mimi vinauchoma."

Nikajua lazima nitafute wembe kama ule. Na mimi kuhusu wembe wa kukunja sijui lolote. Mimi hujinyoa kwa kiwembe, dakika mbili, nakwenda kazini.

Jumatano nilikwenda sokoni Bunda. Siku hizi mtu akitandika turubai chini anauza dunia nzima: betri, vioo, kanda za redio, sabuni za rangi tatu. Kwa mchuuzi mmoja nikauona. Mweupe, unang'aa, mpini wa plastiki mwekundu, ncha yake imekatwa mraba kama jembe dogo. Nilisimama muda mrefu. Mchuuzi akaona ameshapata mtu.

"Kaka, huu si wa mchezo. Nzi akitua hapa, wanaruka wawili."

"Ni wa wapi?"

"Wa mbali. Wewe uliza kama unakata, usiulize kwao."

Watu wakacheka. Mimi pia. Nikaununua. Naukiri ukweli: niliupenda kwa sababu unang'aa. Nilifikiri Baba akiuona atajua nimejitahidi.

Jioni niliujaribu kwenye mguu wangu. Ulichukua nywele tatu, ukang'oa mbili, ukanichana palipobaki. Nikakaa kitandani na mguu unaotoka damu, nikamfikiria Baba kwenye kigoda, shingo ameinua.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini, nikapata lori la mbegu za pamba hadi njia panda, nikatembea na kupata baiskeli, mpaka Butiama. Sikuwa na uhakika kama Mzee Mashauri bado yu hai. Nilimkuta ameketi kwenye kibaraza cha nyumba yake, anamnyoa mzee mwenzake aliyesinzia. Nilisubiri. Alipomaliza nikajieleza. Hakunikumbuka, ila nilipotaja Kiriba na debe la furu, alicheka mpaka akaweka kitana chini.

"Yule mama! Alinibishia asubuhi nzima. Nilikuwaga nataka madebe mawili, nikajikuta nimeshukuru kwa moja. Hajambo?"

Nikamwambia.

Akafuta mikono kwenye suruali, akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Pole sana." Kisha akauliza, "Na mzee ananyolewa na nani?"

Katika siku zote hizi za msiba hakuna aliyeniuliza swali hilo. Nikatoa tu ule wembe wangu mwekundu.

Aliufungua, akaupitisha taratibu kwenye ukucha wa dole gumba, akaufunga. "Huu ni wa mkate," alisema. "Siku ya kwanza unakata. Siku ya pili unavuta. Siku ya tatu mnagombana."

Akaingia ndani, akatoka na nyembe mbili. Mmoja mpana, mzito, mpini wa pembe nyeusi, mzuri kama kitu cha chifu. Wa pili mwembamba, umelika kwa kunolewa miaka mingi, ncha yake ya mviringo, mpini wa mti umefungwa waya wa shaba palipopasuka. Mkono wangu ulikwenda kwenye ule mpana wenyewe, bila kuniuliza.

"Mimi sikuchagulii," alisema Mzee Mashauri. "Papai litakuchagulia."

Nilidhani ananitania. Alikwenda nyuma ya nyumba, akachuma papai bichi, akalikalisha mapajani mwangu kama mtoto. Akachovya brashi, akalipaka povu la sabuni lote. Akasema, "Mnyoe. Toa povu, ngozi usiiguse. Ukimkata atalia, utaona."

Papai bichi likikwaruzwa, hata kidogo tu, hutoa utomvu mweupe. Nililijua hilo tangu utotoni. Sikujua kwamba vinyozi hujifunzia hapo.

Nilianza na wembe mwekundu. Papai lililia kila mahali. Lilikuwa kama limenyeshewa maziwa. Yule mzee aliyekuwa amesinzia aliamka, akatazama, akasema, "Huyo ameshakufa, mletee sanda." Wakacheka wote wawili.

Papai la pili nikachukua ule mpana. Nilikwenda vizuri kwenye ubavu, nikajisifu moyoni, nikafika linapopinda karibu na kikonyo. Matone matatu. Mzee Mashauri akanionyesha kona ya ncha, ile kali iliyo mraba. "Macho yako yako kwenye makali. Lakini anayemuumiza mtu wako ni huyu wa pembeni, usiyemwangalia. Fundi anajua kumficha. Wewe bado."

Na tena wembe mpana unaficha unapokwenda. Pua iko hapa, mdomo uko pale, mkono wa mwanafunzi unajaa chuma, haoni kitu.

Papai la tatu, ule mwembamba wa waya wa shaba. Tone moja.

"Haya," alisema. "Umeona mwenyewe."

Nilitaka kujua nimpe nini. Alisema furu. Nikamwambia furu wameisha, siku hizi ziwa ni sangara, furu unaweza kuvua wiki nzima usimwone. Alitikisa kichwa muda mrefu, kama nimempa habari ya msiba mwingine. Mwisho alikubali zile sabuni mbili nilizokuwa nampelekea Baba, na akanipa brashi na mkanda wa ngozi wa kunolea juu yake. Akanionyesha kuupitisha wembe kwenye mkanda, mgongo ukitangulia, makali yakifuata, kwenda na kurudi. Akanifungia na mapapai mawili kwenye mfuko.

Usiku nililala Mwisenge kwa Shangazi Nyangeta. Niliuficha wembe ndani ya soksi. Sijui nilimwogopa nini. Labda niliogopa auone autwae kwa kunyolea misiba. Wakati wa kula alisema, "Kaka yangu nasikia amefuga ndevu. Anataka kuwa nabii?" Nilicheka kidogo, kisha nikainamia ugali.

Swali linalonisumbua ni hili. Itakuwaje kama Baba hataki kunyolewa kabisa? Kama zile ndevu ndiyo namna yake ya kumlilia Mama, na mimi nakuja na brashi na mapovu kumfuta machozi kwa nguvu? Nimefika tangu jana mchana na sijathubutu kuutoa wembe mfukoni.

Bado amelala. Nitafanya mazoezi kwenye papai moja kabla hajaamka.

* * *

Naendelea. Ni jioni, jua bado lipo juu ya ziwa.

Nilikuwa nimelipaka papai povu, nimelishika kati ya magoti, nimefika ubavuni, sipumui. Nikasikia kikohozi nyuma yangu. Baba alikuwa amesimama mlangoni na shuka begani. Sijui amesimama pale tangu lini.

Alitazama papai. Alinitazama mimi.

"Majura. Hilo linaenda kanisani kesho?"

Nikacheka, na nikicheka huku mkono una wembe papai likalia matone mawili. Baba akainama kuangalia ule utomvu. Nikamweleza yote, Butiama, Mzee Mashauri, debe la furu. Aliuchukua wembe kwa mkono wa kushoto, akauangalia waya wa shaba, akaupima uzito.

Kisha nikamwambia lile jingine. Nilisema, "Baba, ule wa Mama niliutoa mimi. Nisamehe."

Nilisikia mbuzi wakila majani ya migomba ya jirani na wala sikuinuka kuwafukuza.

"Nilikuona ukiuleta," alisema. "Nilijua utatupwa. Ningesema neno moja tu. Lakini nikajiuliza, mke wangu nimemzika jana, leo watu wanisikie nalilia ndevu zangu? Nikaona aibu. Nikanyamaza." Akajikuna kidevu. "Halafu zikaota, aibu ikawa mara mbili."

Basi wiki tano tulikuwa wawili, kila mmoja anaficha wembe uleule.

Alikaa kwenye kigoda. Akainua shingo.

Sitaandika kila kitu. Maji yalikuwa ya moto, nilikaa na kitambaa kwenye mashavu yake muda mrefu, kama Mama. Nywele zile nyeupe zilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, lakini wembe ulizipita, nikaisikia ile sauti ndogo kama mtu anakwangua ukoko wa ugali chumba cha pili. Nilianzia shavu la kulia. Akasema, "Mama yako alikuwaga anaanzia kushoto." Nikahamia kushoto. Chini ya kidevu nilimkata. Kidogo, lakini nilimkata, na damu ikashuka ikaingia kwenye povu.

Nilisimama. Mkono ulianza kutetemeka kama wake.

"Limelia?" aliuliza, macho amefumba.

"Tone moja."

"Hapo hapo ndipo na yeye aliponikata siku ya kwanza. Sikumwambia. Endelea."

Nilipofika juu ya mdomo nilikwenda taratibu sana. Nilikuwa nimeinama karibu naye, naangalia makali, naangalia na ncha ile ya pembeni kama nilivyofundishwa. Nikahisi ananitazama. Alikuwa amefumbua macho, na yamejaa maji.

"Unavuta mdomo," alisema.

Sikujua kama navuta.

Nilipomaliza alijipapasa mashavu yote mawili, kisha kidevu, kisha akayapapasa tena. Akaomba kioo. Hakusema kama nimenyoa vizuri. Alisema upande wa kulia nimeacha vitatu, nikavitoa.

Nilikuwa naosha vyombo alipoushika ule wembe mwekundu wa Bunda, uliokuwa kwenye mfuko wangu. Akaufungua, akaufunga. Nikamwambia ni kosa langu jingine, unavuta nywele, nitautupa.

"Usiutupe. Uweke. Siku yangu ikifika, Nyangeta akiuliza wembe, mpe huo autupe ziwani anavyotaka."

"Baba, huo unang'oa."

"Ndiyo. Angalau siku hiyo mtalia kweli."

Na akacheka. Nilicheka na mimi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nililia bila kujificha, mikono yote ndani ya karai la maji ya sabuni.

Wembe wa waya wa shaba nimeukausha, nimeuviringisha kitambaa, nimeuweka ndani ya kikombe cha bati, mahali pake. Ule mwekundu nimeutumbukiza chini kabisa ya sanduku langu. Natumaini utapata kutu kabla ya kufanya kazi.

Ninapoandika, Baba yuko nje. Anatafuta nondo. Nimemwambia ibada ni kesho, nondo haitakimbia. Anasema yule jirani huenda ameipoteza, na kengele ya mama yenu haiwezi kugongwa na kijiti.

Jumamosi zote nitakuwa natoka Bunda kuja hapa. Na mkono wangu, je, utaacha kutetemeka lini?